Matusi ya Kuagia

Neno baya kuliko yote katika mji ule lilikuwa "jana". Mama wa mtu, sura ya mtu, harufu ya kwapa la mtu, hayo ungeyataja hadharani ukajibiwa kwa hayohayo, mkaachana mkicheka. Lakini ukimwambia mtu mzima "jana yako", alikuwa mwilini mwako kabla hujafunga mdomo, na waliokuja kuamulia walimwacha akupige kidogo kwanza, kwa sababu umejitakia. Watu wa pale walilala na kipya, wakaamka wakiulizia kipya kuliko kile walicholala nacho. Saa zao zilikwenda mbele ya jua. Ukiuliza saa ngapi uliambiwa itakuwa saa ngapi, ukashukuru, ukaondoka ukiwa umeshachelewa.

Ngwali aliishi katikati yao akiwachukia. Hilo lisemwe mapema, asije mtu akamdhania walii. Alichukia shingo zao zilizopinda kwa kuinamia vioo vya simu. Alichukia walivyokaa mbele ya sahani ya wali wakaupiga picha mpaka ukapoa, halafu wakamgombeza mpishi kwamba umepoa. Zaidi ya yote alichukia kicheko chao, kicheko chepesi cha watu wasiojua wanachokicheka. Na balaa lenyewe ni kwamba kicheko hichohicho ndicho kilichomlisha.

Maana kulikuwa na Duka. Wapo waliosema Duka lilikuwa ndani ya mji, wapo waliosema mji ndio uliokuwa ndani ya Duka, na ubishi huo haukuisha kwa sababu kila aliyekaribia kuuelewa alibadilisha simu akausahau. Duka halikuwa na ukuta wa nyuma. Uliingia kwa mbele, ukatembea, ukatembea, na ulipotafuta mwisho wake ulijikuta unaingia tena kwa mbele, safari hii na kitu mkononi. Kila toleo jipya lilipofika, la kamera, la simu, la kompyuta, watu walipanga foleni na vitu vyao vya zamani. Zamani, kwa hesabu yao, ni kitu ambacho bado kina ile plastiki ya juu ya kioo.

Sasa hukukabidhi tu ukaenda zako. Ilikuwepo desturi, ikiitwa kuagia. Ulipanda juu ya kaunta, ukanyanyua mashine yako juu watu waione, ukaitukana. Foleni ikicheka vya kutosha, Mpokezi aliichukua na kukupa mpya. Foleni isipocheka, ulishuka ukarudi mkiani ukajifikirie. Na kila kicheko kilipopaa kiliondoka na kipande cha yale ambayo mashine ile ilikuwa imeyaona pamoja nawe. Harusi uliyoipiga picha, imekwenda. Rafiki mliyekuwa mkiandikiana upuuzi mchana kutwa, amekwenda. Watu walishuka pale wepesi kama waliomaliza kutapika, macho yanang'aa, hawajui kilichowatoka na hawaulizi. Wepesi ule ndio waliokuwa wakiufuata. Mashine mpya ilikuwa kisingizio tu cha kupanda kaunta.

Ila si kila mtu amejaliwa kutukana, na hapo ndipo Ngwali alipopatia riziki. Walimfuata kibarazani kwake na simu kwapani: "Fundi, nitungie." Akawatungia palepale, mdomo kwa mdomo. Iambie, we simu, chaji yako inaisha upesi kuliko adabu ya mlevi. Iambie, kompyuta gani hii, nikiiwasha Ijumaa inaniitikia Jumatatu, tena kwa kununa. Kuna mwanamke alimpa: "Kamera yangu, kila harusi niliyoipeleka ilirudi na picha za matanga," na foleni ikacheka hadi Mpokezi akaishika kaunta isianguke.

Lakini tusi zuri halitungwi gizani. Ilibidi kwanza awaulize mashine zao zimeona nini, nao wakamwambia, kwa kirefu, kama watu wanavyomwambia daktari. Kisha wakaenda, wakatukana, wakasahau. Yeye hakuwa amepanda kaunta. Yeye alibaki nayo. Kichwa cha Ngwali kikawa ghala la mambo ambayo wenyewe wasingeyatambua hata wangeyakuta yamelala kitandani mwao.

Na cha kwake? Alikuwa na kamera moja, nyeusi, ngozi imebanduka pale kidole gumba kinaposhika, kitufe hakikubali mpaka ukitie ukucha, lenzi ina mkwaruzo unaokatiza kila picha kama unywele kwenye mchuzi. Hakuwahi kuitukana. Ndani ya kamera ile alikuwemo Zuena, binti yake, aliyekufa kwa homa kabla meno yake ya utoto hayajaisha kung'oka. Mji mzima hakukuwa na mwingine aliyejua kwamba mtoto yule aliwahi kuwepo. Hata mama yake, Salme. Baada ya mazishi Salme aliacha kula, akaacha kuoga, akawa anakaa na simu kifuani akiangalia video ileile mpaka chaji inakwisha, anachomeka, anaangalia tena. Akamwambia mumewe, "Nitungie, Ngwali, au nizike." Akamtungia. Lilikuwa tusi tamu kuliko yote aliyowahi kuyatunga, foleni ilicheka mpaka watu wakakaa chini, na Salme akashuka kwenye kaunta, akamkuta mumewe analia, akamuuliza nani kamuudhi.

Siku moja alimwonyesha picha. Salme aliiangalia kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya shemeji wa jirani. "Mtoto wa nani huyu? Halafu ina unywele."

Tangu hapo Ngwali alibaki na swali ambalo halikuwa na wa kuulizwa. Kitu kikiwa kilikuwepo, na wote waliokijua wameambiana hakikuwepo, na amebaki mmoja tu anayeshikilia kwamba kilikuwepo, je, yule mmoja ni shahidi au ni mgonjwa? Angeapa mbele ya nani? Alijikuta akimtetea Zuena mbele ya ukuta, akimweleza ukuta namna mtoto alivyokuwa akipanda ngazi kwa mguu mmoja na kuuburuta wa pili kwa uvivu tu, si kwa ugonjwa, na ukuta ulikuwa na adabu kuliko mji. Kisha akawa anajishuku. Labda mguu haukuburutwa. Labda mtoto mwenyewe alitungwa, kama matusi yanavyotungwa, na mtunzi akaamini utungo wake. Akichoka kujishuku alifungua kamera, akaangalia, akafunga. Picha zilikuwa pale. Lakini hata picha, kama wewe ndiye pekee unayejua ni za nani, zina tofauti gani na doa la unyevu ukutani lenye sura ya mtu? Aliichukia kamera kwa kukumbuka. Aliwachukia wao kwa kusahau. Asubuhi aliamka na chuki zote mbili, akazipigisha mswaki pamoja.

Basi Duka likaleta toleo jipya, na safari hii likatoa na tangazo: mashine za kale zote zikaagiwe, na isiyoagiwa haitatambuliwa, yenyewe wala mwenyewe. Ngwali alikuwa anachomeka chaja yake iliyofungwa utepe wa gundi alipoingia Salme na simu mpya mkononi, nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Wee Ngwali, mlango umenikataza nisikufungulie ukitoka tena."

"Mlango umekuoa?"

"Usinichekeshe, sitaki. Umesema humu ndani hamna mtu anaitwa Ngwali. Umesema kuna mzigo usiotambulika."

"Mzigo ndio uliolipa fundi wa mlango."

"Huo mlango ulioulipia ulishabadilishwa, ukaja huu wa Duka." Salme alisimama juu yake, mkono kiunoni. "Majirani wananicheka. Mume wangu anawatungia watu wote matusi, la kwake hana. Mpishi gani anayekula kwa jirani? Nenda kaiagie hiyo takataka. Ukirudi nayo, usirudi."

"Unajua kuna nini ndani yake?"

"Unywele," alisema Salme.

Ngwali akachukua kamera, akatoka. Mlango ulijifunga nyuma yake kwa mlio wa adabu sana, ule mlio ambao karani hutoa anapokunyima kitu.

Njiani alikuwa ameshaamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa wa aibu: ataiagia. Msimsifu kwa lolote. Alikuwa amechoka. Alichoka kuwa makaburi ya watu wote, na lake akiwa hana pa kuliweka. Alitaka ule wepesi. Alitaka kushuka kwenye kaunta akamkuta mke wake, akamwona mzuri, wakaenda kula samaki wa kukaanga bila mtu wa tatu kuwakalia katikati. Na kama mnataka ukweli wote, aliitaka ile mashine mpya. Aliitaka kwa tamaa ya waziwazi, ya mate. Alikuwa ameiota: kamera isiyo na kitufe, inayopiga picha kabla hujajua unataka, inayomtoa mtu chunusi, inayotoa na wingu lililokaa vibaya, inayokuletea tabasamu ambalo mtu hakulitoa. Vidole vyake vilijikunja hewani vikiishika. Chuki haimzuii mtu kutamani. Wakati mwingine humwongezea njaa.

Foleni ilikuwa imezunguka Duka ikajikuta, kichwa kimekaribia mkia. Walipomwona walimpigia makofi na kumpitisha mbele. Mshindo alikuwepo, mtu mnene mwenye kofia mpya na simu mpya inayomwambia kofia imemkaa.

"Jamani, fundi kaja na lile zigo!" alipiga kelele Mshindo. "Pisheni, litawavunja miguu! Fundi, hiyo ni kamera au pasi ya mkaa?"

"Ni pasi," alisema Ngwali. "Nimekuja kunyoosha uso wako."

Wakacheka. Mshindo akacheka kuliko wote, akampiga bega. Wala hakuwa mtu mbaya, Mshindo. Hakuna mtu mbaya mle. Ubaya ulikuwa umeagiwa zamani pamoja na yote mengine, wakabaki na tabasamu.

Mpokezi alimsubiri nyuma ya kaunta. Alikuwa na jina, lakini amelibadilisha mara nyingi mpaka likalegea likaanguka, ikabaki kazi tu. Viganja vyake havikuwa na mistari. Akaiweka kamera mpya mbele ya Ngwali, juu ya kitambaa cheupe, akaigeuza taratibu kama anayemgeuza mtoto mchanga.

"Bwana Ngwali," alisema kwa sauti ya asali. "Tumekungoja. Hii haitakuuliza kitu. Haitakukumbusha kitu. Ni nyepesi, hebu ishike."

Akaishika. Haikuwa na uzito hata chembe. Mkono uliinuka wenyewe.

"Utapumzika," alisema Mpokezi.

Hilo neno ndilo lililompandisha kaunta. Alisimama juu, akainyanyua kamera yake nyeusi, foleni ikanyamaza. Katikati ya vichwa alimwona Salme, amekuja kuhakikisha, simu yake imeinuliwa ikimrekodi. Ngwali akakohoa, na ufundi ukaja wenyewe, maana ufundi hauna aibu.

"Jamani, kamera hii! Imezeeka mpaka ikimwona mtu inamwamkia kwanza ndipo ipige. Nilimbonyezea bwana harusi akiwa anavishwa pete. Ilipokubali kulia, ameshatoa talaka na anatafuta mwingine!"

Foleni ililipuka. Kofia ya Mshindo ilianguka. Na Salme, Salme alicheka kwa sauti kuliko wote, kichwa nyuma, koo wazi, kile kicheko chake cha uchumba ambacho Ngwali hakuwa amekisikia kwa muda mrefu, na kwa nukta moja moyo wake ukajaa, akawaza, basi, ndiyo hii, tumerudi.

Kisha kitu kikamtoka.

Hakikuuma. Kilitoka kama jino ambalo tayari linacheza. Alikuwa na namna aliyoitwa. Zuena hakumwita baba. Baba alikuwa akiwaita wanaume wengine, muuza maandazi, imamu, daktari. Yeye alimpa jina lake, la kubuni, la kijinga, akalishikilia hata alipokatazwa. Alimwita... Alimwita... Siyo baba. Lilikuwa fupi. Mdomo ulikuwa ukifanya hivi, unachongoka, halafu pengo la jino linaonekana. Hivi. Na hapo kati, kinatoka nini? Kilikuwa kinatoka kitu. Kila siku kilitoka. Akitaka maji, kinatoka. Na ile siku ya mwisho, chini ya shuka, kilitoka hichohicho, kidogo, kavu, ndicho kilichokuwa cha mwisho, na mimi, mimi nilikuitikia, niliitikia kitu gani? Mtu hawezi kuitikia kitu ambacho hakipo.

"Lingine!" Foleni ilikuwa inapiga makofi kwa mpangilio. "Lingine! Lingine!"

Tusi la pili lilikuwa tayari, limekaa kwenye ulimi, zuri zaidi ya la kwanza. Lilihusu mkwaruzo wa lenzi. Alijua lingewakalisha chini. Alijua pia, kwa namna ya mtu anayeliona shimo baada ya kutumbukiza mguu mmoja, kwamba kicheko kinachofuata kitachukua ule mguu ulioburutwa ngazini, na kinachofuata hicho kitachukua ngazi, na mwisho atashuka pale amuulize Salme nani kamuudhi nani. Na Salme atamjibu, hakuna. Na itakuwa kweli. Hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko yote, kwamba itakuwa kweli. Hatakuwepo hata mmoja wa kusema ni uongo. Duka halikuwa likimdanganya mtu yeyote. Lilikuwa linangoja mpaka uongo ubaki peke yake uwanjani.

Alilimeza tusi. Lilikwenda chini na makali yake.

"Mshindo," alisema.

"Naam, fundi! Leta!"

"Ulikuwa na pacha."

Mshindo alitabasamu akisubiri sehemu ya kuchekesha.

"Akiitwa Mfaki. Mlikuwa na shati moja la maana kati yenu, mkilivaa kwa zamu kwenda kuposa. Alikwenda kutafuta kazi akakuomba umtumie picha ya nyumbani kila wiki. Simu ilipokuwa nzito ulikuja kwangu, nikakutungia lile la chaji na mlevi. Mshindo, yule mtu bado anasubiri picha."

Mshindo alijigusa shati, kifuani, kama mtu aliyeingiwa na mdudu.

"Na wewe wa matanga," alisema Ngwali akimtafuta yule mwanamke, "hayakuwa matanga ya mzaha. Yalikuwa ya mama yako. Na wewe pale, ulikuwa mpishi, mikono yako inajua biriani, iulize. Na wewe uliyenunua mbwa mara tatu, kila mara unasema hujawahi kufuga. Nyote, nimewatungia nyote, na nyote ninawajua. Jana zenu ninazo mimi!"

Alikuwa amelisema lile neno. Tena kwa wote mara moja, juu ya kaunta, mbele ya kina mama.

Kwanza ilirushwa kava ya simu. Halafu chaja, halafu maboksi matupu, halafu mtu akavua kiatu. "Mchafu!" walipiga kelele. "Mshusheni!" Mshindo hakurusha kitu. Alikuwa ameinama akiipekua simu yake, anapandisha, anashusha, anatafuta kitu ambacho simu ile haikuzaliwa kukikuta, na akawa anaitukana kwa sauti ya chini, matusi mabovu kabisa, yasiyo na ufundi, na hakuna aliyecheka.

"Bwana Ngwali," alisema Mpokezi, sauti bado ni asali ila sasa ya baridi. "Hawakucheka. Sheria unaijua. Rudi mkiani ukajifikirie."

Aliikunja ile kamera mpya ndani ya kitambaa chake cheupe. Ngwali aliitazama ikifunikwa, na mkono wake, bila kumwomba ruhusa, uliinyooshea vidole. Ilibidi aukamate kwa mkono wa pili.

Akashuka. Foleni ilimtemea mate akipita. Alitembea mpaka mkiani, akaupita mkia, akaendelea kutembea mpaka mahali ambapo kelele za makofi zilisikika tena, maana mwingine alikuwa ameshapanda na mambo yanaendelea. Mlango wa nyumbani hautamfungulia. Kesho hakuna atakayemletea tusi la kutunga. Alijipapasa ndani kutafuta lile jina aliloitwa, akakuta mahali pake ni pasafi, pamefagiwa. Akapapasa vingine haraka haraka, kama mtu aliyeibiwa sokoni: pengo la jino, lipo. Mguu, upo. Uzito wake akilala begani, upo.

"Umeniaibisha."

Salme alikuwa amemfuata. Alihema, ushungi umeanguka mabegani, simu imekabwa kwenye ngumi.

"Umewatapikia watu wote mambo yao, mimi umeniruka. Mimi ndiyo sina kitu?"

"Wewe unacho."

"Nini? Yule mtoto wa kwenye unywele?" Akaiinua simu usoni pake. "Nimeiuliza hii. Inasema mimi na wewe hatujawahi kuwa na mtoto. Inajua kila kitu changu, inajua mpaka siku zangu."

"Ilitoka lini Dukani?"

"Leo."

Ngwali aliitazama simu. Salme naye akasikia alichokisema, na kwa kukisikia akazidi kukasirika.

"Basi huyo mtoto wako wa kutunga," alisema, kila neno analitema, "maana kutunga ndiyo kazi yako. Ulimtungia na jina?"

"Zuena."

Salme alikunja uso kama aliyeonja kitu kilichochacha. "Jina baya. Nani alimpa jina baya namna hiyo?"

"Wewe."

Alimzaba kofi lililosikika mpaka kwenye foleni, na vichwa viwili vitatu vikageuka. Halafu hakuondoka. Alibaki amesimama mbele yake, mkono bado uko hewani, akimkazia macho kwa hasira ileile.

"Litaje tena," alisema.